Kupiga mswaki kwa nguvu kunavyomaliza meno na fizi

Na Mwandishi Wetu

KUNAPOPAMBAZUKA Kumsenga, wilayani Kibondo, kama ilivyo katika vijiji vingine vya nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma hadi Kasulu, si ajabu kumkuta mtu amesimama uani, kikombe cha maji mkononi, akisugua meno kwa nguvu zake zote kabla ya kushika jembe na kuelekea shambani. Mkono huenda mbele na kurudi nyuma kama wa fundi anayepasua mbao. Anapomaliza hutema povu lenye michirizi ya damu, akaridhika kuwa leo kinywa kimetakata.

Wengi wamelelewa na imani hiyo, kwamba kadiri mtu anavyosugua kwa nguvu ndivyo meno yanavyozidi kuwa safi. Wataalamu wa afya ya kinywa na meno wanaeleza kinyume chake. Nguvu haiongezi usafi, bali huondoa kidogo kidogo sehemu ya jino ambayo haioti tena, na huifanya fizi irudi nyuma na kuliacha jino wazi. Hasara hiyo haionekani kwa siku moja wala kwa mwaka mmoja. Hujitokeza baada ya miaka mingi, pale maji ya mtungini yanapomshtua mtu kwa maumivu makali na mafupi, naye akashindwa kuelewa tatizo limetoka wapi wakati jino halina tundu lolote.

Kwa mkazi wa kijijini jambo hili si dogo. Tafiti zilizofanywa nchini Tanzania kwa miaka mingi zimekuwa zikionyesha kwamba tiba inayotolewa zaidi kwa jino bovu ni kuling'oa. Watu wengi hufika kliniki wakati maumivu yamekwisha kuwazidi nguvu, na vifaa vya kuziba meno havipatikani kila mahali. Anayetoka Kumsenga analazimika kwenda mjini Kibondo kutafuta huduma ya meno, na akipewa rufaa ya hospitali ya mkoa ya Maweni, iliyoko mjini Kigoma, safari hiyo ni ya zaidi ya kilometa 200. Siku ya kwenda kwa mganga wa meno ni siku ya palizi iliyopotea, achilia mbali nauli. Ndiyo maana namna mtu anavyoushika mswaki wake asubuhi ina uzito kuliko inavyodhaniwa.

Huenda lugha nayo imechangia kidogo. Kiswahili husema "kupiga mswaki" na "kusugua meno". Kupiga hakuna lawama, kwa kuwa hupigwa pasi, hupigwa deki na hupigwa simu bila mtu kuumia. Lakini kusugua ni neno la jikoni. Sufuria iliyoungua husuguliwa kwa mchanga, kwa majivu au kwa stilwaya hadi ing'ae, na siku ikitoboka hununuliwa nyingine gulioni. Jino la ukubwani halina gulio.

Sehemu ya jino inayoonekana kinywani imefunikwa na tabaka jeupe liitwalo enameli. Hiki ndicho kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa binadamu, kigumu kuliko hata mfupa, na takribani asilimia 96 ya uzito wake ni madini. Katika ncha za magego unene wake hufikia milimita mbili na zaidi, lakini tabaka hilo huzidi kuwa jembamba kadiri linavyoshuka kuelekea kwenye fizi, hadi kwisha kabisa katika shingo ya jino. Chembe hai zinazotengeneza enameli hufa kabla jino halijatokeza kinywani. Mfupa uliovunjika huunga na ngozi iliyokatika hupona, lakini enameli iliyolika haina wa kuitengeneza upya.

Chini ya enameli kuna dentini, ambayo ni laini zaidi na ina vijitundu vingi mno, visivyoonekana kwa macho, vinavyoelekea kwenye mshipa wa fahamu ulio katikati ya jino. Mzizi hauna enameli kabisa. Umefunikwa na tabaka jembamba sana na laini, na kinga yake halisi ni fizi. Kwa hiyo fizi inaporudi nyuma, hata kwa milimita mbili tu, huacha wazi eneo ambalo halikuumbwa kukabiliana na mswaki, ubaridi wala uchachu. Hapo ndipo linapoanza lile tatizo ambalo wengi huliita meno kufa ganzi.

Kinachotakiwa kuondolewa kwenye meno ni ukoga, yaani ule utando laini unaonata na ambao mtu huuhisi kwa ulimi anapoamka. Utando huo ni makazi ya mamilioni ya bakteria. Wanapopata sukari hutengeneza asidi inayoozesha jino, na wanapoachwa pembezoni mwa fizi huifanya ivimbe na kutoka damu. Lakini ukoga ni laini kiasi kwamba hukwanguliwa kwa ukucha. Nyuzi laini za mswaki zikiugusa kwa utulivu zinatosha kabisa kuuondoa.

Ukoga ukiachwa bila kuondolewa, madini ya mate huingia ndani yake na kuugeuza kuwa ugaga, ule ukoko wa njano au kahawia unaoganda nyuma ya meno ya mbele ya chini. Ugaga haung'olewi kwa mswaki wowote, hata mtu akisugua mpaka jasho limtoke. Huondolewa kwa vifaa maalumu kliniki. Matokeo yake ni kwamba nguvu haina kazi ya kufanya kinywani: kilicho laini hakiihitaji, na kilicho kigumu hakiisikii. Kinachopata hasara ni enameli, mzizi na fizi.

Hata hivyo, haki itendeke kwa mswaki wenyewe. Nyuzi zake zikiwa zimelowa maji tu haziwezi kuikwangua enameli kwa kiwango cha kutisha, kwa kuwa enameli ni ngumu kuliko nailoni. Madhara makubwa hutokea mambo kadhaa yanapokutana, kwa maana ya mkono mzito, dawa ya meno yenye chembechembe za kukwaruza, nyuzi ngumu, na jino ambalo limelainishwa na asidi ya chakula au kinywaji muda mfupi uliopita. Vilevile si kila fizi inayorudi nyuma imeharibiwa na mswaki. Ugonjwa wa fizi unaotokana na ukoga ni chanzo kikubwa, na wapo watu waliozaliwa na fizi nyembamba au meno yaliyopandana, ambao fizi zao huathirika upesi kuliko za wengine.

Anayetaka kujua kama mkono wake ni mzito hahitaji vipimo. Mswaki ambao nyuzi zake zimetawanyika na kulala kabla ya miezi mitatu unatosha kuwa ushahidi. Katika kioo, meno ya pembeni, hasa chonge na yale mawili yaliyo nyuma yake, huonekana yamerefuka, na karibu na fizi huwa na mkato mfano wa alama ya shoka kwenye shina la mti. Mara nyingi mkato huo huwa mkubwa upande wa kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia, kwa sababu ndiko anakoanzia na ndiko mkono wake unakokuwa na nguvu zaidi.

Damu inahitaji maelezo ya peke yake, kwa kuwa hapa ndipo watu wengi hukosea. Mtu anapoona damu kwenye mate huamua moja kati ya mambo mawili: husugua zaidi akidhani anatoa uchafu, au huacha kabisa kupitisha mswaki mahali hapo akidhani anaiponya fizi. Yote mawili hayasaidii. Fizi yenye afya haitoki damu inapoguswa kwa upole, na inayotoka damu kwa kawaida imevimba kwa sababu ya ukoga uliojificha pembezoni mwake. Dawa yake ni kuendelea kupasafisha kila siku, kwa mswaki laini na mkono mwepesi. Mara nyingi damu hupungua na kukoma ndani ya wiki moja au mbili. Ikiendelea, au jino likianza kulegea, ni lazima kumwona mganga wa meno. Aidha, ziko sababu nyingine za fizi kutoka damu, ikiwamo ujauzito, kisukari na baadhi ya dawa, ambazo hazipaswi kupuuzwa.

Njia ya upole inayofundishwa zaidi duniani inatokana na kazi ya Charles Bass, daktari wa Marekani aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Tulane, New Orleans. Bass hakuwa daktari wa meno bali bingwa wa magonjwa ya kitropiki na vimelea, na alianza kuyachunguza meno kwa hadubini kutokana na udadisi wake juu ya wadudu wa kinywani. Katika miaka ya 1940 na 1950 alieleza kwamba mahali panapohitaji mswaki zaidi ni ule mfereji mdogo ulio kati ya fizi na jino, na kwamba nyuzi zinazoweza kufika hapo bila kujeruhi ni zile nyembamba, laini na zenye ncha za mviringo.

Kwa njia hiyo, mswaki huelekezwa kwenye fizi kwa mshazari wa nyuzi 45, nusu ya nyuzi zake zikigusa jino na nusu zikigusa fizi. Kisha hutikiswa taratibu kwa miendo mifupi sana, isiyozidi upana wa jino moja, mara kumi hivi, bila kuuhamisha. Baada ya hapo huviringishwa kutoka kwenye fizi kuelekea ncha ya jino, kushuka kwa meno ya juu na kupanda kwa meno ya chini, ndipo uhamie meno mawili au matatu yanayofuata. Upande wa ndani, ule unaogusana na ulimi, hufanyiwa hivyo hivyo. Ni sehemu za kutafunia tu za magego ambazo zinavumilia mwendo wa mbele na nyuma, na hata huko bila kukandamiza. Kazi nzima huchukua dakika mbili, mara mbili kwa siku. Ile ya usiku kabla ya kulala ndiyo isiyopaswa kukosekana, kwa kuwa mate hupungua mtu akiwa usingizini na meno hubaki bila mlinzi.

Mkono uliozoea mpini wa jembe huona tabu kufanya kazi nyepesi kama hiyo. Ushauri unaosaidia ni kuushika mswaki kwa ncha za vidole kama kalamu, badala ya kuufumbata kwa kiganja kizima. Mtu akishika hivyo, hata akitaka kukandamiza hawezi sana. Kipimo kingine ni ukucha wa kidole gumba: nyuzi zikiguswa juu yake kwa nguvu ile ile inayotumika kwenye meno, zinapaswa kupinda kidogo tu, na ukucha usibadilike rangi na kuwa mweupe.

Katika kununua, mswaki mgumu huvutia kwa kuwa unaonekana utadumu. Maandishi ya pakiti mara nyingi ni ya Kiingereza, na unaofaa ni ule ulioandikwa "soft". Pasipo maandishi ya kuaminika, nyuzi zikipitishwa mgongoni mwa kiganja hazipaswi kuchoma. Viwanda vyenyewe vilichukua muda mrefu kulijua hilo. Mwingereza William Addis alipoanza kutengeneza miswaki ya mifupa yenye manyoya ya wanyama, takribani mwaka 1780, ulaini haukuwa jambo la kuchagua. Nyuzi za nailoni ziliingia sokoni nchini Marekani mwaka 1938, lakini za mwanzo zilikuwa ngumu na ziliumiza fizi. Zile laini zilienea katika miaka ya 1950.

Jina lenyewe la mswaki ni la zamani kuliko nailoni. Linatokana na Kiarabu, na asili yake ni kijiti cha kutafuna kinachochongwa zaidi kutoka mti ambao wataalamu wa mimea huuita Salvadora persica. Mti huo hupenda nchi kavu na pwani, hivyo ni mgeni katika milima yenye mvua ya Buha, ambako kijiti hutafutwa kwenye miti mingine. Shirika la Afya Duniani (WHO) limekwisha kutambua tangu miaka ya 1980 kwamba kijiti kinaweza kusafisha meno vizuri mahali ambapo mila hiyo ipo, ilimradi kitumike ipasavyo. Kanuni ni ile ile ya upole. Kijiti kiwe kibichi, ncha itafunwe hadi ifumke na kuwa laini kama brashi, na kipitishwe kutoka kwenye fizi kuelekea ncha ya jino. Kijiti kikavu kinachokwaruzwa kwa kukingama hukata fizi vibaya kuliko mswaki wa dukani. Ncha ikichakaa hukatwa, ikatafunwa nyingine. Upungufu wake ni kwamba hakifiki kwa urahisi upande wa ndani wa magego, na hakina madini ya floraidi ya kutosha.

Kuhusu kinachopakwa kwenye mswaki, mkaa uliosagwa, majivu na mchanga laini vimetumika tangu enzi za mababu, na mkaa umerudi kwa kishindo mijini ukiuzwa ghali katika vikopo vya kupendeza. Vyote hufanya meno yang'ae kwa siku chache kwa sababu vinakwangua. Meno ya aliyevitumia kwa miaka mingi hugeuka ya njano, jambo linalomshangaza mwenyewe, kwa kuwa enameli nyeupe imekwisha na dentini ya njano imeanza kuonekana. Chumvi, iwe ya Uvinza au ya pwani, haina ubaya ikiyeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu ya kusukutua, lakini punje zake zisisuguliwe kwenye fizi. Ndimu na limau ndizo hatari zaidi, kwani hulainisha jino na kuliandaa kukwanguliwa.

Katika mikoa ya kaskazini na kati kama Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida, liko tatizo la aina yake. Maji ya baadhi ya maeneo yana floraidi nyingi kupita kiasi, na watoto wanaoyanywa wakati meno yao yanajengeka huota meno yenye madoa ya kahawia. Wapo wanaosugua madoa hayo kwa majivu na mchanga kwa miaka wakitafuta weupe. Madoa hayo yamo ndani ya enameli yenyewe na hayatoki kwa kusugua, na enameli ya namna hiyo, ikiwa imeathirika sana, humeguka kirahisi kuliko ya kawaida.

Kwa kiasi kidogo, floraidi hiyo hiyo ni rafiki wa jino. Ikiwemo kwenye dawa ya meno husaidia madini ya mate kurudi katika enameli iliyoanza kulainika, kabla haijatoboka. Mwaka 2021 WHO iliingiza dawa ya meno yenye floraidi katika orodha yake ya dawa muhimu. Haihitajiki nyingi. Kwa mtu mzima kiasi cha punje ya harage kinatosha, kwa mtoto wa miaka mitatu hadi sita kiasi cha punje ya njegere, na kwa aliye chini ya hapo punje ya mchele. Povu jingi si dalili ya usafi. Baada ya kumaliza ni vyema kutema tu bila kusukutua kwa maji mengi, ili floraidi ibaki ikifanya kazi.

Wakati nao una nafasi yake. Enameli huanza kupoteza madini pale kinywa kinapokuwa na uchachu wa kiwango cha takribani pH 5.5 au chini ya hapo, na soda nyingi ziko chini sana ya kiwango hicho. Machungwa, nanasi na pombe ya ndizi navyo ni vichachu. Aliyetoka kunywa au kula vitu hivyo asikimbilie mswaki, bali asukutue kwa maji na kusubiri nusu saa ili mate yarejeshe hali ya kawaida. Anayepiga mswaki papo hapo anakwangua jino lililolainika, ingawa nia yake ni njema.

Watoto hujifunza kwa kutazama. Mtoto aliye chini ya miaka saba au minane hana wepesi wa vidole wa kujisafisha mwenyewe vya kutosha, hivyo mzazi amsaidie, akisimama nyuma yake na kukiegemeza kichwa chake kifuani. Meno ya utotoni yana enameli nyembamba kuliko ya ukubwani na huoza haraka. Mzazi anayemsugua mtoto kwa nguvu hadi akalia humfanya auchukie mswaki, na hilo ni gumu kulirekebisha baadaye.

Aliyekwisha kupata mkato kwenye shingo ya jino bado ana nafasi. Mahali penye vifaa, daktari au tabibu wa meno huweza kuujaza kwa dawa inayonata yenye rangi ya jino, na ganzi hupungua kwa kutumia dawa ya meno maalumu inayoziba vile vijitundu vya dentini. Fizi iliyorudi nyuma haijirudishi yenyewe, na upasuaji wa kuipandikiza hupatikana katika hospitali chache kubwa. Kinachowezekana kwa wengi ni kuizuia isiendelee kurudi, kwa mswaki laini, unaobadilishwa kila baada ya miezi mitatu, unaooshwa na kusimamishwa wima ukauke, na usiotumiwa na zaidi ya mtu mmoja hata ndani ya familia.